Kutoka Kodi ya Kibanda hadi Siku 183

Mkazi wa Nairobi akisema "kodi", mara nyingi anamaanisha pesa za landilodi. Zile za serikali anaziita ushuru. Lakini kuna wakati nchini humu ambapo kodi na nyumba vilikuwa kitu kimoja, kwa sababu serikali ilihesabu nyumba wala si mshahara. Kanuni za kodi ya kibanda zilitolewa mwaka 1901. Mzee mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alilipa mara tatu.

Kwa mtoza ushuru, hesabu hiyo ilikuwa rahisi: kibanda hakitoroki. Shida ni kwamba malipo yalitakiwa kwa rupia, na rupia haikuota shambani. Ilibidi kijana aifuate kwenye reli, kwenye mashamba ya walowezi, bandarini Mombasa. Hilo halikuwa bahati mbaya. Utawala wa kikoloni ulitaka mapato, na pia ulitaka vibarua. Kwa hiyo kodi iliyotozwa nyumbani ndiyo iliyowatoa watu nyumbani.

Vijana walipozidi kuhama, serikali ikaona pengo: asiye na kibanda halipi. Sheria ya mwaka 1910 ikaongeza kodi ya kichwa kwa wanaume wasiokuwa na nyumba. Kufikia 1920 kikaja kipande, karatasi ndani ya kikebe cha chuma kilichovaliwa shingoni, ikionyesha mtu ni nani, ameajiriwa na nani na analipwa ngapi. Mtu aliyesafiri kutafuta pesa za kodi alilazimika kutembea na ushahidi wa safari yake.

Harry Thuku aliujua mfumo huo kwa ndani, maana alikuwa opereta wa simu katika hazina ya serikali, Nairobi. Kodi ilikuwa imefika shilingi 16 huku mishahara ikikatwa. Alikamatwa Machi 1922, na polisi wakaua watu waliokusanyika kudai aachiliwe. Baadaye mwaka huo kodi ikashushwa hadi shilingi 12.

Na walowezi je? Wao walipoletewa ushuru wa mapato mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1920, walilalamika mpaka ukafutwa. Ulirudi mwaka 1937 tu. Yaani kwa muda mrefu, mwenye kibanda alilipa, na mwenye shamba la maelfu ya ekari hakuwa na ushuru wa mapato.

Huko Ulaya, wakati huohuo, watu walikuwa wanauliza swali ambalo leo ni letu. Mtu anaishi nchi moja na pesa zake zinatoka nchi nyingine: nani amtoze? Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ushuru ulikuwa umepanda sana, na matajiri walikuwa wanadaiwa mara mbili. Umoja wa Mataifa wa wakati huo, League of Nations, ukawapa kazi wanauchumi wanne: Bruins, Einaudi, Seligman na Stamp. Ripoti yao ya 1923 ilisema tutazame uchumi wa mtu umefungamana na wapi: mali iko wapi, inazalishwa wapi, na mwenyewe anaishi wapi. Marekani ilikuwa na jibu lake tangu vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe: raia ni raia, hata akihamia ng'ambo. Mpaka leo inawadai raia wake popote walipo.

Kenya haikufuata pasipoti. Sheria yetu ya Ushuru wa Mapato, iliyoanza kutumika Januari 1, 1974, inauliza kwanza kama una makao ya kudumu hapa. Ukiwa nayo, na ukakanyaga Kenya kwa muda wowote mwaka huo, wewe ni mkazi. Usipokuwa nayo, zinahesabiwa siku: 183 au zaidi ndani ya mwaka, au wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia.

Sasa hebu mfikirie dada anayekaa Dubai, anafanyia kampuni ya London kazi kwa laptopu. Dubai haitozi ushuru kwenye mshahara wake. Lakini ana nyumba yake Ruaka, funguo anazo, na kila Desemba analala humo wiki mbili. Kwa maandishi ya sheria, anaweza kuhesabiwa mkazi wa Kenya, na mshahara wa mkazi hutozwa hata kama kazi imefanyiwa nje. Akiikodisha nyumba hiyo na kuhamisha maisha yake kabisa, mambo yanabadilika, ila pesa za mpangaji wake bado zitatozwa hapa. Kibanda bado hakitoroki.

Akidaiwa na nchi mbili, atategemea mkataba. Kenya ina mikataba ya kuzuia ushuru mara mbili na nchi kama Uingereza, Ujerumani na Kanada. Na Marekani haina. Ule wa Afrika Mashariki ulitiwa saini 2010, kisha ukakaa zaidi ya miaka kumi ukisubiri kuridhiwa na nchi zote. Na kumbuka, hadi 1973 Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia sheria moja ya ushuru wa mapato.

Ndiyo maana kufaili ritani kabla ya Juni 30 si kubofya tu. PIN ikiwa hai na una wajibu wa kufaili, kuchelewa kunakugharimu shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, chochote kilicho kikubwa. Mwajiri wa London hakukatii chochote cha Nairobi, kwa hiyo hesabu ni yako. Weka mihuri ya pasipoti, mkataba wa nyumba unakoishi, na cheti cha ushuru uliolipa huko.

Kipande kilifutwa, lakini anayevuka mpaka kutafuta riziki bado ndiye anayebeba karatasi za kuthibitisha alikuwa wapi. Tofauti ni kwamba hizi unaziandaa mwenyewe, na unaweza kuzitumia kujitetea. Ukiulizwa kwenu ni wapi, jibu la moyoni unalo tayari. La sheria liandae kabla Juni haijafika.