Kusinzishwa si Kulazwa

Kiswahili hakikuitisha kikao cha istilahi ili kipate neno "ganzi". Mtu aliyeukalia mguu wake barazani mpaka hadithi ikaisha, akataka kuinuka akakuta mguu haupo, alikuwa nalo tayari: mguu umekufa ganzi. Sindano ya daktari wa meno ilipofika ilikuta neno linaisubiri. Mgonjwa anayeambiwa atachomwa ganzi hahitaji maelezo marefu. Anajua upande huo wa taya utakuwa mzito, mdomo utahisi kama umevimba, mate yatamtoka bila yeye kujua, na yeye mwenyewe atabaki macho, akiona na kusikia kila kitu. Upande wa pili kabisa kuna "nusukaputi", neno lililounga nusu ya Kiarabu na kaputt ya Kijerumani, yaani kilichoharibika, kilichokwisha. Nalo halimfichi mtu kitu: fahamu zote zinaondoka, mwili unabaki mikononi mwa wengine. Kati ya maneno hayo mawili pana pengo, na humo ndimo anamokaa mgonjwa anayeogopa kiti cha meno.

Wataalamu wengi wanapozungumza wao kwa wao hulijaza pengo hilo kwa neno la kigeni, sedesheni: kumpa mtu dawa inayoshusha hofu na kuzipunguza fahamu zake makali bila kuzizima. Mwaka 1999 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilipitisha ngazi yenye vidato vinne. Kwenye kidato cha kwanza mgonjwa ametulia tu, anajibu kama kawaida. Kwenye cha pili amelegea, macho yanafumba, lakini akiitwa, au akiguswa kidogo begani, anajibu jibu lenye maana, na anapumua mwenyewe bila msaada. Kwenye cha tatu haamki kwa urahisi, mpaka aitwe tena na tena au afinywe, na huenda njia yake ya hewa ikahitaji mkono wa mtu wa kuiweka wazi. Cha nne ndiyo nusukaputi yenyewe, hata ukimfinya haamki. Kazi nyingi za meno zinazohitaji sedesheni hufanyika kwenye vidato viwili vya mwanzo, na njia zilizozoeleka ni tatu: gesi ya naitrasi oksidi iliyochanganywa na oksijeni, inayovutwa kwa kibarakoa cha puani, dawa ya kumeza ya jamii ya diazepamu au midazolamu, na midazolamu ya mshipani, inayosukumwa kidogo kidogo huku daktari akimtazama mgonjwa usoni na kipima oksijeni kikiwa kimembana kidole. Uingereza imeweka sharti lisilo na utata kwa kazi ya aina hii: mazungumzo na mgonjwa yasikatike tangu mwanzo hadi mwisho. Na tangu mwisho wa 2001, nusukaputi kwa ajili ya meno haitolewi huko nje ya hospitali. Kwa hiyo tofauti ya kidato cha pili na cha nne ndiyo inayoamua mgonjwa atibiwe katika jengo gani, na nani asimame kichwani pake.

Kwetu Afrika Mashariki, katika vituo vingi vya afya, jino bado linang'olewa kwa ganzi peke yake. Hapo ndipo pana nafasi ya kuchagua jina. Huduma ikienea kabla ya neno, itabeba jina lolote litakaloshikwa njiani, na jina likishakauka halibanduki. Udongo uwahi ungali maji.

Mtu anaweza kusema ganzi inatosha, kwani tatizo ni maumivu. Waliopima hofu ya meno wameona vingine. Mwaka 1969 Norman Corah alitunga hojaji ya maswali manne: ungejisikiaje kama ungekuwa na miadi ya meno kesho; ukiwa umeketi ukisubiri zamu yako; ukiwa kitini huku mashine ya kuchonga jino ikiandaliwa; ukiwa unasubiri kusafishwa meno. Mwaka 1995 Gerald Humphris na wenzake waliiboresha, pamoja na kuongeza swali la sindano, na alama zake sasa hutoka 5 hadi 25. Anayefika 19 huhesabiwa kuwa na hofu iliyopindukia. Katika uchunguzi wa afya ya meno ya watu wazima uliofanywa 2009 England, Wales na Ireland ya Kaskazini, asilimia 12 ya waliowahi kumwona daktari wa meno walifika hapo. Tazama maswali yenyewe: karibu yote yanauliza kuhusu kusubiri. Maumivu hayajaanza, wala ganzi haijapata la kufanya. Hofu ya namna hiyo ndiyo inayomfanya mtu kuahirisha mpaka jino la kuziba ligeuke jino la kung'oa.

Basi dawa ya kuikabili hofu hiyo tuiiteje? Jina lililo karibu zaidi ni "dawa ya usingizi", na ndilo baya kuliko yote. Usingizi tumeshaugawa kwa kazi nyingine: daktari wa usingizi ni mtaalamu wa nusukaputi, na vidonge vya usingizi ni vya anayekesha usiku. Mgonjwa mwoga akiahidiwa usingizi anaondoka na mojawapo ya makosa mawili. Ama anafurahi, anaketi akingoja kupotea, na anaposikia mashine inaanza kulia na sauti ya daktari ikimwambia apanue mdomo, anaamua kwamba dawa imeshindwa. Hofu inarudi na nyongeza. Ama anakataa katakata, maana kila familia ina hadithi ya mtu aliyelala chumba cha upasuaji asiamke, na hakuna atakayekubali kuhatarisha roho kwa ajili ya jino. Wote wawili wameamua juu ya kitu ambacho hakipo mezani. Kitenzi "kulaza" nacho kinazidisha, kwa sababu kulazwa, katika Kiswahili cha hospitali, ni kupewa kitanda. Mwambie mtu atalazwa kidogo ndipo atolewe gego, ataulizia shuka na nani atamletea chakula.

Mwenye kupenda usahihi atachagua "kutuliza". Hoja yake ina nguvu. Neno la Kilatini lililozaa sedesheni lina maana hiyohiyo ya kutuliza, kufanya kitu kikae, na kitenzi chetu kimetumika hivyo tangu zamani: bahari hutulia, mtoto hutulizwa. Lakini neno haliishi katika kamusi peke yake. Katika duka la dawa, kutuliza kumeshaolewa na maumivu. Sema "dawa ya kutuliza" mbele ya dirisha la dawa, anayekusikiliza atakuongezea neno la tatu mwenyewe, na mkono wake utakwenda kwenye panado. Hapa kosa lina uzito wa kitabibu, kwa maana sedesheni ya vidato vya mwanzo haifanyi kazi ya ganzi. Aliyepewa midazolamu hofu imemwondoka, ila neva ya jino iko palepale. Lazima achomwe ganzi vilevile, tofauti ni kwamba safari hii sindano haimtishi. Anayedhani ametulizwa maumivu ataiona sindano hiyo kama usaliti. Kutuliza kunafaa, kwa sharti kwamba kusiachwe peke yake: "kutuliza hofu" ni fungu la maneno lililo wazi na haliwezi kuchanganywa na panado. Nalipendekeza kwa kidato cha kwanza.

Kwa kidato cha pili, na kwa jina la jumla la fani yenyewe, pendekezo langu ni kusinzisha, na nomino yake usinzishaji. Sababu ni ileile iliyoifanikisha ganzi: mwili wa msemaji unaijua hali hiyo kabla daktari hajafungua kinywa. Nani hajasinzia ndani ya basi la mchana, kichwa kikianguka na kuinuka, akasikia konda anataja kituo chake akaitikia "shusha"? Anayesinzia hayupo kamili, lakini ukimwita anaitika. Kuitika huko ndicho kipimo cha daktari neno kwa neno. Kiswahili kina ngazi yake ya usingizi, na kwa hakika ni ngazi nzuri: mtu hutulia, hupata lepe la usingizi, husinzia, huwa katika mang'amung'amu, hulala, kisha hulala fofofo, usingizi wa pono, ambao hauvunjwi mpaka utikiswe. Ukiiweka kando ya vidato vinne vya wataalamu, mpaka unaangukia mahali pamoja, kati ya anayeitika akiitwa na anayehitaji kutikiswa. Kidato cha tatu basi kingeweza kuitwa usinzishaji mzito, ingawa nakiri kwamba "mzito" hapo linafanya kazi kubwa kuliko umbo lake, na fomu yoyote ya ridhaa inapaswa kusema waziwazi kwamba kwenye kidato hicho mgonjwa huenda asiweze kuilinda pumzi yake.

Pingamizi lililo gumu kuliko yote linatoka kwa wagonjwa wenyewe. Aliyechomwa midazolamu akiinuka kitini mara nyingi atakuambia: nililala, sikujua hata jino lilipotoka. Ikiwa yeye aliyekuwamo anasema alilala, mtunga istilahi ni nani wa kumkatalia? Lakini midazolamu ina tabia inayojulikana sana: huzuia mambo yasiwekwe kwenye kumbukumbu tangu inapoingia mwilini. Mgonjwa huyo alifungua mdomo alipoambiwa afungue, akageuza kichwa alipoombwa, pengine alijibu swali. Yote hayo yalitokea, hayakuandikwa tu. Ushahidi wake ni wa kweli kuhusu alichobaki nacho, si kuhusu alichopitia. Na neno la kuombea ridhaa hutumika kabla, wakati mtu anauliza atakuwaje akiwa pale. Hatulichagui kwa ajili ya masimulizi ya jioni. Zaidi ya hapo, usahaulifu huo wenyewe ni jambo la kuambiwa mapema. Wapo wanaoufurahia, na wapo ambao kupotelewa na saa moja ya maisha yao mbele ya watu wasiowajua ni hofu mpya juu ya ile ya zamani. Neno "usingizi" linalifunika jambo hilo, kwa kuwa kutokumbuka chochote baada ya kulala hakumshangazi mtu.

Pingamizi la pili linahusu gesi. Anayevuta naitrasi oksidi kwa kiasi cha kawaida hasinzii. Anahisi vidole vinamchezacheza, mwili unakuwa mwepesi, anasikia kila neno, na akimaliza anavuta oksijeni tupu kwa dakika kama tano na mara nyingi anaweza kurudi kwake mwenyewe. Kweli, na ndiyo maana naiweka chini ya kutuliza hofu. (Jina "gesi ya kuchekesha" naliachia wachekeshaji, mgonjwa asiyecheka atadhani amepunjwa.) Ila gesi hiyo inafundisha jambo jingine. Tarehe 11 Desemba 1844, huko Hartford, Marekani, daktari wa meno Horace Wells aliivuta bila kuchanganyiwa oksijeni kama ilivyo leo, akang'olewa jino lake na mwenzake John Riggs, asisikie maumivu. Gesi ni ileile, kidato si kilekile. Midazolamu nayo, ikizidishwa, humshusha mtu kutoka kusinzia hadi kushindwa kupumua, ndiyo sababu anayeichoma anatakiwa awe na flumazenili, dawa ya kuikata nguvu, karibu na mkono. Kwa hiyo istilahi inayotaja dawa itapotosha leo au kesho. Tutaje hali ya mtu.

Wapo watakaosema: acheni sedesheni iwe sedesheni, neno limeshatoholewa, lina irabu mwishoni, linatosha. Kati ya daktari na muuguzi linatosha kweli, na sina ugomvi nalo. Hata Kiingereza kilikopa. Daktari Oliver Wendell Holmes alipomwandikia barua daktari wa meno William Morton, Novemba 1846, kumpendekezea jina la hali aliyoionyesha Boston kwa etha mwezi uliotangulia, alikwenda Kigiriki akaleta neno lenye maana ya kukosa hisia. Lakini angalia matokeo. Neno moja hilo la Holmes linabidi libebe ganzi ya jino na nusukaputi ya upasuaji kwa pamoja, na kila mara liongezewe kivumishi ili mgonjwa ajue ni ipi. Kiswahili kilizitenganisha tangu mwanzo kwa maneno mawili yasiyofanana. Lugha iliyokwisha kupasua vizuri hivyo ncha zote mbili haina sababu ya kuweka katikati neno ambalo mgonjwa hawezi kulichungulia ndani. Anayetia saini chini ya "sedesheni" anatia saini chini ya imani kwa daktari. Imani hiyo ni nzuri, lakini ridhaa ni kitu kingine.

Linabaki lawama la kwamba kusinzia kuna aibu yake. Mlinzi anayesinzia hufukuzwa, dereva anayesinzia hulaaniwa. Ni kweli, na kwa hapa hiyo ni faida. Mgonjwa aliyesinzishwa kwa dawa ya mshipani huambiwa asiendeshe gari kwa saa 24, asitie saini mkataba, aje na mtu mzima wa kumrudisha nyumbani. Mwambie ametulizwa, atauliza kwa nini basi asichukue pikipiki yake. Mwambie amesinzishwa, hataomba maelezo.

Kuhusu jina la mwenye kazi hiyo sina ninachodai. Sarufi inaruhusu "msinzishaji", ila masikioni mwa watu wengi huyo atabaki kuwa mwalimu wa kipindi cha kwanza baada ya chakula cha mchana. Daktari wa meno aliyefunzwa kusinzisha inatosha.