Brainfreeze: Miksi ya santuri kuukuu inayozidi kuwagawanya wasikilizaji

BRAINFREEZE ni albamu ya miksi iliyotolewa mwaka wa 1999 na wacheza santuri wawili wa jimbo la California, Marekani: DJ Shadow na Cut Chemist. Hakuna bendi iliyoalikwa studioni kuirekodi. Muziki uliomo umetoka katika santuri ndogo za zamani, nyingi zikiwa za fanki na soul, zilizounganishwa kwa mikono ya wawili hao.

Zaidi ya miaka 25 baadaye, albamu hiyo ingali inazua mjadala miongoni mwa wapenzi wa muziki. Wapo wanaoihesabu kati ya miksi bora kabisa za aina yake. Wapo pia wanaoiona kuwa mchezo wa werevu tu, uliojengwa juu ya jasho la watu wengine. Ili kuzipima kauli hizo mbili, ni sharti kwanza kufahamu kinachochanganywa ni kitu gani.

BREKI NI NINI?

Katika istilahi ya ma-DJ, breki ni kipande kifupi cha wimbo ambapo mwimbaji hunyamaza, gitaa na tarumbeta zikapumzika, na mpiga ngoma akabaki uwanjani peke yake. Aghalabu kipande hicho hudumu sekunde chache tu kabla ya bendi nzima kurejea.

Aliyeng'amua thamani yake ni Clive Campbell, mzaliwa wa Kingston, Jamaica, ambaye anafahamika zaidi kama DJ Kool Herc. Karamu aliyotumbuiza tarehe 11 Agosti 1973 mtaani Bronx, New York, ndiyo ambayo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa hip hop. Herc aligundua kwamba wachezaji walikuwa wakiisubiri breki ndipo wajimwage ukumbini.

Basi akawa anatumia nakala mbili za santuri ile ile. Breki ilipomalizika upande mmoja, aliianzisha upande wa pili, huku akiirudisha nyuma santuri ya kwanza. Kwa njia hiyo, sekunde chache ziligeuka kuwa dakika kadhaa za ngoma.

Mwenzake, Grandmaster Flash, aliunoa ufundi huo na mwaka wa 1981 akatoa santuri iliyoundwa kwa kuunganisha nyimbo za wengine. Tangu hapo ilidhihirika kwamba kazi ya DJ ingeweza kurekodiwa na kuuzwa kama kazi yoyote nyingine ya muziki.

Kwa msomaji wa Kenya, dhana ya miksi si ngeni. Abiria wa matatu za Nairobi wameizoea kwa miaka mingi. Tofauti ni kwamba miksi nyingi za namna hiyo hukusanya nyimbo zinazovuma, ilhali Brainfreeze ilifukua nyimbo ambazo hata Wamarekani wengi hawakuwahi kuzisikia.

UGUMU WA SANTURI NDOGO

DJ Shadow, ambaye jina lake halisi ni Joshua Paul Davis, tayari alikuwa na sifa. Albamu yake ya 1996, Endtroducing, ilitambuliwa baadaye na Guinness kuwa ya kwanza kuundwa kwa sampuli za muziki wa wengine pekee. Cut Chemist, yaani Lucas MacFadden, alikuwa mmoja wa kundi la hip hop la Jurassic 5 la Los Angeles.

Wawili hao walikuwa wakijiandaa kwa onyesho mjini San Francisco, na albamu ilitokana na mazoezi hayo. Walijiwekea sharti moja gumu: kutumia santuri za inchi saba pekee, zile zinazozunguka mara 45 kwa dakika na kubeba wimbo mmoja kila upande.

Ma-DJ wengi huipendelea santuri kubwa ya inchi 12, nao wana sababu. Santuri kubwa ina nafasi ya kutosha kuweka kiganja. Ile ndogo ni nyepesi, na kidole kikikosea kidogo tu, sindano huruka.

Isitoshe, kasi yake ni kubwa. Midundo minane ya wimbo wenye kasi ya midundo 110 kwa dakika huchukua sekunde nne na ushei. Katika muda huo, santuri ya mizunguko 45 huzunguka zaidi ya mara tatu, ilhali albamu ya kawaida ya mizunguko 33 huzunguka mara mbili na nusu hivi. DJ anayetaka kuirudia breki hiyo analazimika kuirudisha santuri nyuma mizunguko mitatu na zaidi, kwa kipimo, wakati nakala ya pili ikiendelea kulia.

WANAOISIFU

Ufundi huo ndio hoja ya kwanza ya wanaoisifu Brainfreeze. Wao husema kwamba msikilizaji huusikia mkono wa binadamu. Mikwaruzo ya sindano inasikika, na kuna mahali nyimbo mbili hukaribia kupishana kabla ya kukamatwa na kurejeshwa kwenye mstari. Kwao, hizo si dosari. Ni ushahidi kwamba kazi ilifanywa papo hapo.

Hoja yao ya pili ni mpangilio. Albamu ina sehemu mbili ndefu, na ndani yake nyimbo huingiliana kama mazungumzo ya wazee barazani: huyu anaanza, yule anadakia, wa tatu anacheka. Miongoni mwa vichekesho hivyo ni Dance the Slurp, wimbo wa zamani uliotengenezwa kutangaza kinywaji baridi cha maduka ya 7-Eleven. Wimbo wa tangazo la biashara, ambao pengine ungetupwa jaani, ukageuka kuwa kitu cha kuchezwa na kutafutwa.

Hoja ya tatu ni ya kihistoria. Bendi nyingi ndogo za Marekani za miaka ya 1960 na 1970 zilirekodi santuri moja au mbili, zikauza nakala chache katika miji yao, kisha zikasahaulika. Miksi kama hii iliwafanya vijana waulize: hawa walikuwa nani?

WANAOIKOSOA

Upande wa pili nao haukosi mashiko. Lalamiko la kwanza ni la sauti. Msikilizaji aliyezoea CD safi husikia mikwaruzo na mtetemo wa santuri zilizochakaa, akajiuliza ni kwa nini alipe fedha kusikiliza uchakavu.

Lalamiko la pili ni kwamba nyimbo hukatizwa zikiwa zimenoga. Mwimbaji anapoanza kueleza kisa chake, huondolewa ili ngoma ya wimbo mwingine ichukue nafasi. Kwa mpenzi wa soul, ambaye huyathamini maneno na sauti ya mwimbaji, huo ni sawa na msimulizi kukatwa kauli.

La tatu ni la wakusanyaji wa santuri. Nyimbo za Brainfreeze zilipojulikana, bei ya santuri zake ilipanda. Kilichokuwa kikipatikana kwa senti chache katika maduka ya mitumba kikawa bidhaa ya wenye uwezo, na mtafutaji wa kawaida akabaki mkono mtupu.

Lalamiko zito zaidi, hata hivyo, ni la hakimiliki. Mwaka wa 1991 mahakama ya Marekani mjini New York iliamua dhidi ya mwanamuziki Biz Markie kwa kutumia kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila idhini. Baada ya hukumu hiyo, kampuni za kurekodi zilianza kudai kila kipande kilipiwe mapema. Miksi yenye makumi ya nyimbo ingegharimu fedha nyingi mno.

Brainfreeze haikupitia utaratibu huo. Ilitolewa kwa nakala chache, nje ya mkondo wa kampuni kubwa. Nakala hizo zilipoadimika, wengine nao waliiga albamu yenyewe na kuiuza kiharamia. Waliokopa bila kuomba nao wakakopwa bila kuombwa.

MPIGA NGOMA ALIPATA NINI?

Hapo ndipo mjadala unapoacha kuwa wa ladha na kuwa wa haki. Kisa kinachotajwa mno kinahusu breki maarufu kuliko zote. Mwaka wa 1969 bendi ya The Winstons ilirekodi Amen, Brother, wimbo wa upande wa pili wa santuri yao. Mpiga ngoma Gregory Coleman alipiga peke yake kwa takriban sekunde sita.

Sekunde hizo sita zilinakiliwa katika maelfu ya nyimbo, na ndizo zilizokuwa uti wa mgongo wa muziki wa jungle nchini Uingereza katika miaka ya 1990. Coleman alifariki mwaka wa 2006 katika hali ya ufukara, bila kupokea mrabaha wowote wa sampuli hizo.

Clyde Stubblefield, aliyeipiga breki ya Funky Drummer katika bendi ya James Brown, aliaga dunia mwaka wa 2017. Yeye pia hakunufaika kwa mrabaha, kwa kuwa hakuandikwa kuwa mtunzi. Kisa chake kinaonyesha kwamba hata pale idhini inapolipiwa, malipo humfikia mwenye jina kwenye hati, wala si lazima yamfikie aliyeshika vijiti.

Kwa hivyo, kuwatupia ma-DJ lawama zote ni kuona nusu ya tatizo. Wengi wa wapiga ngoma walidhulumiwa na mikataba kabla DJ yeyote hajaigusa santuri yao.

DENI NA MALIPO

Wapo waliojaribu kulipa deni. DJ Shadow aliitafuta bendi ya Mickey and the Soul Generation ya San Antonio, Texas, ambayo santuri zake zilikuwa adimu, na mwaka wa 2002 mkusanyiko wa nyimbo zake ukachapishwa upya kwa jina la bendi yenyewe. Mwaka wa 2015 wapenzi wa muziki waliongozwa na ma-DJ wa Uingereza kuchanga Pauni 24,000 na kumkabidhi Richard Spencer, kiongozi wa The Winstons. Spencer alifariki mwaka wa 2020.

Juhudi hizo hazifuti dhuluma ya miongo kadhaa, lakini zinaonyesha kwamba anayesifu na anayekosoa si lazima wawe maadui. Aliyevutiwa na miksi ndiye aliyetoa mchango. Mkosoaji ndiye aliyemkumbusha kwamba kuna mtu wa kuchangiwa.

Shadow na Cut Chemist walirejea na Product Placement mwaka wa 2001 na The Hard Sell mwaka wa 2007, zote zikifuata mtindo ule ule. Brainfreeze ndiyo ambayo wasikilizaji hulinganisha nayo hizo nyingine.

Mwenye kuisikiliza kwa mara ya kwanza anaweza kuanza kwa kuifuata mikono ya ma-DJ, namna inavyokata na kuunga. Akiirudia mara ya pili, na auelekeze usikivu wake kwa mpiga ngoma wa kila kipande. Mara nyingi jina la mtu huyo halikuandikwa hata kwenye karatasi ya santuri yake mwenyewe.