Jibini ya nyumbani: Njia ya kuyaokoa maziwa mjini Faza

MAZIWA ni miongoni mwa vyakula viharibikavyo upesi mno katika mwambao. Mjini Faza, katika Kisiwa cha Pate, Kaunti ya Lamu, tatizo hilo huzidishwa na joto pamoja na umbali wa soko. Safari ya mashua kuelekea Lamu hutegemea maji kujaa na kupwa, kwani mlango wa Mkanda, ulio baina ya Kisiwa cha Manda na bara, haupitiki vyema maji yakipwa. Maziwa yaliyokamwa alfajiri huweza kuchacha kabla ya kumfikia mnunuzi.

Kuna jambo jingine. Mvua za masika, kati ya Aprili na Juni, ndizo ziletazo malisho mazuri, na ndipo ng'ombe na mbuzi wanapozidisha maziwa. Lakini huo ndio wakati upepo wa kusi unapoanza kuichafua bahari, na wavuvi wa vyombo vidogo hulazimika kupunguza safari zao. Kwa hivyo, maziwa huongezeka pale pale kitoweo cha samaki kinapoadimika. Nyumba inayojua kuyageuza maziwa ya ziada kuwa jibini hupata kitoweo mahali palipokuwa na hasara.

Jibini ni nini?

Jibini ni sehemu nzito ya maziwa iliyotenganishwa na maji yake. Maziwa ya ng'ombe huwa na maji kiasi cha asilimia 87. Kinachosalia ni mafuta, protini, sukari ya maziwa na madini. Protini iliyo nyingi zaidi, iitwayo kasini, huelea ndani ya maziwa kwa chembe ndogo sana. Maziwa yakitiwa kitu kikali kama ndimu au siki, au yakitiwa kigandishi, chembe hizo hushikana, huyabeba mafuta pamoja nazo, na kufanya mabonge meupe.

Neno lenyewe limetokana na Kiarabu, jubn, kama vile samli ilivyotokana na samn. Hata hivyo, samli ndiyo iliyozoeleka katika majiko ya pwani, ilhali jibini ilibaki kuwa chakula cha dukani. Nchini Kenya ufundi huu ulishamiri zaidi katika nyanda za juu zenye baridi. Kampuni ya Brown's, kwa mfano, ilianza kazi hiyo Limuru mwaka 1979.

Jibini za aina hiyo huhitaji kuiva kwa wiki au miezi katika chumba chenye ubaridi usiobadilika, jambo lililo gumu mwambao. Inayofaa Faza ni jibini mbichi ya ndimu, ambayo huwa tayari kwa saa chache na haihitaji kigandishi wala chumba maalumu. Wahindi huiita paneer.

Vifaa na viungo

Kwa lita 5 za maziwa, panahitajika ndimu za kutoa vijiko vikubwa 10 hadi 15 vya maji, yaani viwili au vitatu kwa kila lita. Siki nyeupe pia yafaa kwa kipimo hicho hicho. Panahitajika vilevile chumvi safi, mwiko, kichujio, kitambaa cha melimeli kilichochemshwa, na jiwe safi au chombo kizito cha kukandamizia.

Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli isiyobanduka. Ndimu hula sufuria ya alumini na kukipa chakula ladha ya madini. Asiye na nyingine aweza kuchemshia katika alumini, kisha ayamimine maziwa katika bakuli la chuma kabla ya kutia ndimu.

Lita 5 za maziwa ya ng'ombe yasiyoongezwa maji hutoa takribani gramu 600 hadi 800 za jibini. Maziwa yaliyochanganywa na maji hutoa mabonge machache, na udanganyifu wa muuzaji hudhihirika hapo hapo.

Hatua za kufuata

1. Chuja maziwa kwa kitambaa safi, kisha uyateleke kwenye moto wa wastani. Koroga mara kwa mara ili yasishike chini, kwani harufu ya kuungua na ya moshi haitoki tena katika jibini.

2. Yaache yachemke mpaka yapande, kisha yaepue. Subiri dakika chache povu litulie.

3. Tia maji ya ndimu yaliyochujwa, kidogo kidogo, huku ukikoroga polepole. Mabonge yataanza kujitenga. Maji yakigeuka kuwa ya rangi ya kijani-manjano na kuonyesha weupe kidogo tu, usiongeze ndimu tena. Yakiwa bado meupe kama maziwa, ongeza kijiko kimoja kimoja.

4. Funika kwa dakika 10 bila kukoroga, ili mabonge yapate nguvu.

5. Tandaza melimeli juu ya kichujio kilichowekwa juu ya chombo safi, mimina, na uyahifadhi maji yatokayo.

6. Nyunyiza chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa kila gramu 250 za jibini, na uchanganye.

7. Kunja kitambaa, weka sahani juu yake, kisha jiwe. Baada ya saa moja jibini huwa laini, na baada ya saa mbili au tatu huwa ngumu ya kukatwa vipande. Wakati wote huo ifunikwe isiingie nzi.

Jibini hii haiyeyuki motoni. Vipande vyake vikikaangwa hubaki na umbo lake, na kwa sababu hiyo vyafaa kutiwa katika mchuzi wa nazi badala ya samaki, kujazwa katika sambusa, au kuliwa pamoja na mkate wa mofa.

Kasoro za kawaida

Jibini ikiwa ya chengachenga na kali, ndimu ilizidi au ilikorogwa kwa nguvu. Ikikataa kushikana, huenda maziwa yalikuwa yamepoa mno au ndimu haikutosha. Ikitoka ngumu kama mpira, jiwe lilikuwa zito au ilikandamizwa kwa muda mrefu.

Maji ya jibini yasimwagwe. Yana sukari ya maziwa, madini na baadhi ya vitamini za kundi B, na yafaa kukandia chapati, kupikia uji au kunyweshea mifugo. Katika kisiwa ambacho watu wengi hutegemea maji ya mvua yaliyokusanywa katika majabia, lita 4 za kimiminika chenye lishe si kitu cha kutupa.

Jibini ya watengenezaji samli

Wanaosukasuka maziwa ili kupata siagi ya samli wana njia ya pili. Nchini Ethiopia, maziwa yaliyoganda hutolewa siagi, kisha yanayosalia hupashwa moto polepole bila kuchemka mpaka mabonge yajitenge. Jibini hiyo huitwa ayib, na haihitaji ndimu kwa sababu maziwa yenyewe yamekwisha kuwa makali.

Kwa usalama, maziwa yachemshwe kwanza, yapozwe, yatiwe kijiko cha mtindi mzuri na kuachwa usiku kucha kabla ya kusukwa.

Kigandishi na suala la halali

Jibini nyingi za dukani hugandishwa kwa kimeng'enya ambacho kwa asili hutoka katika tumbo la nne la ndama. Ndivyo zifanywavyo pia jibini za duara za milima ya Masisi, karibu na Goma, zinazofanana na Gouda ya Uholanzi. Katika mji wa Waislamu kama Faza, swali la namna ndama huyo alivyochinjwa ni la msingi. Siku hizi kuna vigandishi vitokanavyo na kuvu au vijidudu, na mnunuzi anaweza kusoma maelezo ya pakiti. Jibini ya ndimu haina shaka hiyo.

Utomvu wa papai bichi pia hugandisha maziwa, lakini huacha uchungu. Wafulani wa Afrika Magharibi hutumia utomvu wa mmea uitwao Calotropis procera kutengeneza jibini ya wagashi. Utomvu huo una sumu, na asiyefunzwa kipimo chake asiujaribu.

Maziwa ya ngamia ni magumu kugandishwa kutokana na muundo wa protini zake, kwa hivyo anayeanza atumie ya ng'ombe au mbuzi.

Usalama na hifadhi

Maziwa mabichi yaweza kubeba vijidudu vya bruselosi na kifua kikuu cha ng'ombe. Bruselosi huleta homa inayorudi tena na tena, jasho la usiku na maumivu ya viungo, na mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria. Jibini mbichi iliyotengenezwa kwa maziwa yasiyochemshwa ni mojawapo ya njia za kuupata ugonjwa huo. Ndimu na chumvi haziwezi kuchukua nafasi ya moto. Mama wajawazito hasa wanapaswa kuiepuka, kwani kijidudu cha listeria huweza kudhuru mimba.

Maziwa ya mnyama anayetibiwa kwa dawa za viuavijasumu, au mwenye uvimbe wa kiwele, yasitumiwe mpaka muda uliotajwa na daktari wa mifugo upite.

Pasipo jokofu, jibini hii iliwe siku hiyo hiyo. Penye jokofu, hukaa siku 3 hadi 5 katika chombo kilichofunikwa. Ikitoa utelezi, kuvu au harufu ngeni, itupwe yote. Kuikata sehemu iliyoharibika hakutoshi.

Kwa watu wazima ambao maziwa huwasokota tumbo, jibini huweza kuwa nafuu, kwa kuwa sehemu kubwa ya sukari ya maziwa huondoka na maji. Wenye shinikizo la damu wapunguze chumvi.

Anayetaka kuuza

Kutengeneza jibini kwa ajili ya familia ni jambo moja, na kuiuza ni jingine. Biashara ya maziwa na mazao yake nchini Kenya husimamiwa na Bodi ya Maziwa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1958. Anayekusudia kuuza anapaswa kuulizia leseni ya bodi hiyo na kumwona afisa wa afya ya umma wa eneo lake.

Kabla ya hatua hiyo, busara ni kuanza na lita 2 za maziwa, kuandika kipimo cha ndimu, chumvi na muda wa jiwe, na kurudia mpaka jibini ya leo ifanane na ya jana.