Mtoto kapimwa hana VVU, mbona fangasi haziishi?

Wadau, mtoto akiwa na utando mweupe mdomoni usioisha, mtaani wanaanza kunong'ona: "ngoma hiyo." Anapimwa, majibu hana. Basi maneno yanahamia kwenye uchawi, na sisi wa Sumbawanga mnajua tulivyopewa jina kwa hilo.

Kuna jibu la tatu. Wapo watoto, si wengi, wanaozaliwa na hitilafu kwenye vinasaba inayoharibu kinga ya mwili. Fangasi ambazo kwako wewe si kitu, kwao zinaua.

Utando peke yake kwa kichanga ni kawaida, dawa kidogo tu unaondoka. Tatizo ni ule unaorudi kila ukitibiwa, huku mtoto haongezeki uzito na anapumua kwa shida. Huenda hana kabisa chembe nyeupe aina ya T. Hawa hata chanjo ya BCG inaweza kuwadhuru, kwa sababu ina vijidudu hai. Kipimo cha kawaida cha kuhesabu chembe za damu kinaweza kumshtua daktari.

Aina nyingine ni ugonjwa sugu wa granuloma, ulioelezwa miaka ya 1950. Hapa chembe nyeupe zipo, zinameza fangasi, ila zinashindwa kuziua. Mara nyingi mama anabeba hitilafu bila kuumwa, wanaougua ni watoto wa kiume. Anazika mvulana wa kwanza, wa pili, halafu bibi wa watu anaambiwa mchawi!

Adui yao mkubwa ni aspajilasi, ukungu wa majani yanayooza na mahindi yenye unyevu. Sasa fikiria Ufipa: tunalima kwa intumba, nyasi zinafukiwa kwenye tuta zioze, msimu ukifika tuta linafumuliwa. Kilimo kizuri, nakisifu mpaka kesho. Lakini mtoto huyu asiwepo pale, wala kwenye kupukuchua mahindi yaliyoota ukungu. Wapo wagonjwa nchi za nje waliofukua mboji wakapata nimonia kali ndani ya siku chache.

Dawa za kuzuia zipo: Septrin na itrakonazoli, kila siku. Kinachoweza kuponya ni kupandikizwa uloto. Benjamin Mkapa pale Dodoma walianza kuwapandikiza watoto mwaka 2023, ila wale ni wa selimundu.

Ukienda hospitali usiseme tu "ana fangasi." Mwambie daktari zimerudi mara ngapi, VVU kapimwa lini, na kaka zake wangapi walifariki wakiwa wadogo.