Shamba la Shule Lilipokosa Daftari

Wazo la kuugeuza uwanja wa shule kuwa mahali pa kujifunzia si geni kwetu. Mwaka 1924 tume ya elimu ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki ikihimiza elimu ya kilimo, na Waafrika wengi wakaitilia shaka, wakihofia kwamba wao wataachiwa jembe na kalamu ibaki kwa mtawala. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alilirudisha jembe kwa nia nyingine. Katika waraka wake, Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule iwe na shamba au karakana, lakini pia wanafunzi washiriki kupanga kazi, watunze hesabu, waelewe mbolea inafanyaje kazi na waamue mapato yatumikeje. Jembe lilishikwa, lakini daftari na uamuzi, ambavyo ndivyo vilivyokuwa elimu yenyewe, katika shule nyingi vikaachwa njiani.

Ukubwa wa hasara hiyo unaonekana Usukumani, kwenye nchi inayoizunguka Usagara, wilayani Misungwi. Huko mteremko mmoja una mengi ya kufundisha: juu majabali ya matale, chini yake luseni, udongo wa kichanga unaolimika kwa urahisi lakini haukawii kukauka, na bondeni mbuga, udongo mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi. Wasukuma walikuwa na majina ya udongo huo muda mrefu kabla ya mwaka 1935, Geoffrey Milne wa kituo cha utafiti cha Amani alipoeleza kitaalamu jinsi aina za udongo zinavyofuatana mteremkoni. Si mbali na hapo, watafiti wa pamba wa Ukiriguru walijaribu matuta yaliyofungwa: katikati ya tuta na tuta huwekwa vizuizi vya udongo ili maji ya mvua yasikimbie, yazame. Ni maarifa mazuri. Lakini baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliyageuza kuwa amri ya sheria ndogondogo, na wakulima wengi wakayachukia. Kilichowafika wazazi shambani ndicho kilichowafika watoto shuleni: kazi ilibaki, sababu yake ikafichwa.

Wapo wasemao kwamba shamba la shule lilikuwa adhabu na nguvukazi ya bure. Pale lilipopimwa kwa magunia, wana haki ya kusema hivyo. Lakini dawa yake si kulifuta, ni kubadili kipimo. Matuta mawili tu, moja lililofungwa na jingine lililoachwa wazi, yanatosha darasa zima kupima unyevu, kuchora grafu na kubishana kwa ushahidi. Hilo linamjibu pia mzazi anayehofia mtihani, kwani kupima na kuchora grafu ni hisabati na sayansi zilezile anazotahiniwa mwanawe. Na linaijibu shule isiyo na ekari, kwani matuta mawili hayahitaji eneo kubwa. Kwa hiyo anayepanga uwanja wa shule leo, kabla ya kuuliza patapandwa nini, aulize nani atapima, nani ataandika na nani ataamua juu ya mavuno. Jibu lisipokuwa wanafunzi, atakuwa ameongeza shamba, hajaongeza elimu.