Walishona matambara wasife na baridi, yakaishia makumbusho ya New York: stori ya akina mama wa Gee's Bend

Februari 2018, picha rasmi ya Michelle Obama ilipozinduliwa pale Washington, mitandao ilichafuka. Kuna waliosema hafanani, kuna waliouliza kwa nini ngozi yake imepakwa kijivu. Kilichowapita wengi ni gauni. Lile gauni refu jeupe lenye vipande vya rangi vilivyopangwa kama viraka limekula nafasi kubwa kuliko hata sura ya mwenyewe, na mchoraji, Amy Sherald, alisema maumbo yale yalimkumbusha kwilti za Gee's Bend.

Kwilti ni blanketi linaloshonwa kwa vipande vya vitambaa vilivyoungwa, halafu katikati linajazwa pamba. Gee's Bend ni kijiji. Kipo Alabama, kusini mwa Marekani, mahali ambapo mto umejikunja ukakizunguka pande tatu, na barabara ya kuingilia ndiyo hiyo hiyo ya kutokea. Sasa gauni la mke wa rais na viraka vya kijijini vimekutana wapi? Picha linaanzia mbali kidogo.

Jina la kijiji limetoka kwa mzungu mmoja, Joseph Gee, aliyefika hapo mwaka 1816 kutoka North Carolina akafungua shamba la pamba na watumwa wake. Mwaka 1845 warithi wake walikuwa wamezama kwenye deni la dola 29,000, wakalimaliza kwa kukabidhi shamba, na watu waliokuwamo, kwa ndugu yao Mark Pettway. Huyu naye akahamia na watumwa wapatao 100. Walitoka North Carolina hadi Alabama kwa miguu. Ndiyo maana hadi leo kule kila ukigeuka unakutana na Pettway, na sio kwamba wote ni ndugu wa damu. Ni jina la aliyewamiliki, limebaki. Kwa hiyo ukiingia makumbusho ukaona vibao vinasoma Pettway, Pettway, Pettway, usidhani ni ukoo mmoja wenye kipaji.

Utumwa ulipokwisha walibaki kwenye ardhi ile ile, wakilima pamba ya mtu mwingine na kugawana naye mavuno. Chakula na mbegu walikopa. Miaka ya mwanzo ya 1930 bei ya pamba ikaporomoka, na mfanyabiashara wa mji wa Camden, ng'ambo ya mto, aliyekuwa akiwakopesha akafariki. Mjane wake akataka madeni yote kwa mpigo. Mwaka 1932 wakaja watu na mikokoteni kwa familia zipatazo 60 wakabeba kila kitu: ng'ombe, nyumbu, kuku, majembe, hadi mahindi ya akiba. Kijiji kizima kikaachwa mikono mitupu majira ya baridi yanabisha hodi, kikavushwa na chakula cha Msalaba Mwekundu.

Hapo ndipo sindano inapoingia, japo kushona kulikuwapo tangu enzi za utumwa. Nyumba zao zilikuwa za magogo, zenye nyufa upepo unapita unavyotaka. Kuta walizibandika magazeti kwa gundi ya unga. Mpiga picha wa serikali, Arthur Rothstein, alifika mwaka 1937 na picha zake zipo hadi leo: mtoto yuko dirishani, na pembeni yake ukutani kuna tangazo la biashara lenye sura ya mwanamke wa kizungu anayetabasamu. Kwenye nyumba ya namna hiyo kwilti moja haitoshi. Unalalia moja, unajifunika tatu, nyingine unaziba mlango.

Na kitambaa cha kununua hakikuwapo. Kilichotumika ni ovaroli na jinzi za shambani zilizokwisha kazi, mashati, nguo za watoto, magunia ya unga na ya mbolea. Pamba ya kujaza ilikuwa mabaki yaliyookotwa, mengine yamefagiwa kwenye sakafu ya kinu cha kuchambulia, ikapigwa kwa fimbo mpaka ikalala. Kazi ya kuunga vipande mama aliifanya peke yake, usiku, baada ya shamba na jikoni. Ikifika hatua ya kushona matabaka matatu kuwa kitu kimoja, majirani walikuja wakazunguka fremu ya mbao, wakishona na kuimba nyimbo za kanisani.

Kwingine Marekani kwilti ilikuwa na adabu zake. Pima, kata kwa rula, fuata mchoro, mishono iwe midogo na iliyonyooka. Hawa wa Gee's Bend walichana kitambaa kwa mkono na kupanga kwa macho. Kuna mtindo wao maarufu unaoitwa Housetop: unaanza na kipande kimoja katikati, unakizungushia mistari, unazungusha tena na tena mpaka ifike ukubwa wa kitanda, ukiiangalia ni kama unaona paa la nyumba ukiwa juu. Kitambaa cha bluu kikiisha katikati ya mstari, unamalizia na chekundu. Basi. Kosa linakuwa mapambo. Na kila mama alikuwa na mkono wake. Kwilti ikianikwa kwenye kamba, jirani anajua ya nani kabla hajauliza.

Zile za nguo za kazi ndizo kali kuliko zote. Jinzi iliyovaliwa miaka kumi shambani imepauka magotini. Ukibandua mfuko, chini yake rangi imebaki bluu mbichi kama siku iliponunuliwa. Mama anakiunga kile kipande kama kilivyo, mraba wa bluu iliyokolea juu ya bluu iliyofifia, na hakuna fundi rangi anayeweza kuitengeneza ile.

Kuna moja ya mwaka 1942. Mwanamke mmoja alifiwa na mumewe, akamwambia binti yake kwamba atazichukua nguo za kazi za marehemu azishonee kwilti, amkumbuke na ajifunike penzi lake. Akafanya hivyo. Suruali, mashati, vipande vya gunia, vyote vya mtu mmoja. Haikuwa sanaa wala hakuna aliyeita hivyo. Kwilti hiyo leo ni mali ya National Gallery of Art kule Washington, na mgeni hagusi.

Sasa ishu ya pesa, maana hapo ndipo stori inapochanganya.

Mwaka 1962 pantoni iliyokuwa ikivusha watu kwenda Camden ilisimamishwa. Weusi walikuwa wameanza kuvuka kwenda kudai kuandikishwa kupiga kura, na safari ya dakika chache majini ikageuka zaidi ya saa nzima kwa barabara, kwa watu ambao wengi hawakuwa na gari. Februari 1965 Martin Luther King alifika kijijini. Waliomfuata kwenda kujiandikisha, baadhi walifukuzwa kwenye mashamba na nyumba walizopanga. Mwishoni mwa mwaka huo kasisi mmoja mzungu aliyekuwa akizunguka eneo hilo kwa ajili ya haki za raia akaona kwilti zimeanikwa nje. Akaanza kuzinunua dola 10 moja, zikapelekwa kupigwa mnada New York, na mwaka 1966 akina mama wa eneo lile wakaunda ushirika wao, Freedom Quilting Bee.

Ushirika ulileta mshahara, na kwa wengi ulikuwa wa kwanza usiotoka kwenye pamba. Lakini wateja wa mjini walitaka vitu vinavyofanana. Maduka makubwa kama Bloomingdale's hayakuwa na habari na bluu iliyoisha ikamaliziwa na nyekundu. Walitaka ya leo iwe kama ya jana, mishono ihesabike. Mwaka 1972 kampuni ya Sears ikaingia nao mkataba wa foronya za mito ya kodrai, foronya moja baada ya nyingine, zote sawa. Kazi ya kuchosha kweli kweli. Ila mabaki ya kodrai yalirudi majumbani, kijani cha parachichi, dhahabu, nyekundu, na usiku akina mama wale wale wakayashona watakavyo. Kwilti nyingi zinazotamaniwa leo zimetoka kwenye hayo makapi. Foronya zenyewe nani anazikumbuka?

Baadaye kwilti zikapoa tena. Mablanketi ya dukani yalikuwa yameshuka bei, vijana wanahama, na za zamani zilitupwa chini ya vitanda. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mkusanyaji sanaa mmoja kutoka Atlanta aliona kwenye kitabu picha ya kwilti imetandikwa juu ya rundo la kuni. Akaendesha gari hadi kwa mwenye nayo. Mama wa watu akahisi utapeli: mzungu gani atoe pesa kwa matambara? Wiki moja kabla alikuwa amechoma kadhaa, moshi wake ufukuze mbu, na kwanza alidhani hata ile ya pichani imeungua. Kesho yake akaipekua ikapatikana, akataka kumpa bure. Mkusanyaji akamwandikia hundi ya dola elfu chache kwa hiyo na nyingine. Mama hakulaza damu, moja kwa moja benki.

Mwaka 2002 kwilti za kijiji kile zilionyeshwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Houston, kisha Whitney kule New York, na mji ukapagawa. Mhakiki wa New York Times akazifananisha na kazi za Matisse na Klee. Ni sifa kubwa, ingawa ina ukakasi wake, kana kwamba mama wa Alabama mpaka afanane na mzungu wa Ulaya ndipo aonekane. Akina mama wenyewe walipelekwa kwa mabasi kuona maonyesho, wakasimama mbele ya ukuta mweupe wakitazama blanketi walilolalia utotoni. Mwaka 2006 posta ya Marekani ikatoa stempu 10 zenye picha za kwilti zao. Mwaka huo huo pantoni ikarudi, baada ya miaka 44.

Kisha yakaja mazulia, kalenda, vikombe na mapazia yenye michoro ile. Na swali likaja nayo: nani anakula? Mwaka 2007 wawili kati ya akina mama wale, mmoja wao yule yule wa kwilti ya rundo la kuni, walifungua kesi mahakamani kila mmoja kivyake, wakidai wamepunjwa mapato ya kazi zao. Upande wa mkusanyaji ulikana. Mwaka 2008 kesi zikamalizwa na kufutwa bila mawakili kusema lolote hadharani, kwa hiyo nani alikuwa na haki halikuamuliwa na hakimu yeyote. Kijijini kwenyewe watu waligawanyika. Wapo waliosema bila yule bwana kwilti zingeendelea kufukuza mbu. Wapo waliosema kumtoa mtu gizani hakukupi haki ya kushika pochi yake. Zote mbili ni kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Ugumu mwingine ni kwamba mtindo kama Housetop hauna mwenyewe mmoja. Bibi alimfundisha mama, mama akamfundisha binti. Kwilti moja inaweza kuwa na mmiliki wa haki, ila namna ya kupanga mistari haiwezi kufungiwa kabatini. Mwanzoni mwa 2024 duka kubwa la Marekani lilitoa bidhaa za Gee's Bend kwa msimu wa kuadhimisha historia ya watu weusi, zikanunuliwa fasta, na baadaye ikaripotiwa kwamba waliochora walilipwa kiasi maalum tu, sio asilimia ya mauzo. Yaani ziuzwe 100 au laki, kwao ni ile ile.

Kilichobadilika ni upande mmoja. Tangu 2021 baadhi yao wana maduka yao ya mtandaoni kwenye Etsy, mteja wa London au Chicago anamlipa mshonaji mwenyewe. Na tangu 2022, kila Oktoba, kijiji kinafanya tamasha la kuanika kwilti. Zinatundikwa kwenye kamba mbele ya nyumba, kama zamani siku ya kufua, wageni wengine wakivuka kwa pantoni. Anayetaka kununua anamfuata mama kwenye kiti chake, na bei anaitaja yeye.