Miaka 15 ya vita vya shilingi tatu: Aliyeshindwa ndiye aliyetufaa

Agosti 2025 ilitimia miaka 15 tangu Zain, kampuni ambayo leo tunaiita Airtel, iteremshe bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika kwenda mtandao wowote nchini, na ujumbe mfupi hadi shilingi 1. Hakuna aliyeandaa sherehe. Oktoba mwaka huohuo Safaricom ilitimiza miaka yake 25, na hapo sherehe hazikukosekana. Haki yake, kwani imeshinda. Lakini mkazi wa Gatuanyaga anayeongea na bintiye aliye Nairobi dakika tano bila kutazama saa ana deni kwa yule aliyeshindwa, na deni hilo halitajwi.

Gatuanyaga ni wadi ya eneo bunge la Thika Mjini, upande wa barabara ya Garissa, ukishaiacha Makongeni na kuelekea Munyu na Ngoliba. Wengi huku hula jasho la siku: kibarua cha shambani, bodaboda, duka la rejareja. Kwa watu wa namna hiyo bei ya dakika moja si jambo dogo, na ushindani wa simu nchini Kenya tangu mwanzo ulihusu nani atawajali.

Mwanzoni hakuna aliyewajali. Simu ya mkononi iliingia mwaka wa 1993 chini ya Shirika la Posta na Simu, ikawa mali ya mawaziri na matajiri. Safaricom ilisajiliwa 1997, Vodafone ya Uingereza ikaingia mwaka wa 2000 na asilimia 40 ya hisa, na Michael Joseph akakabidhiwa usukani wa kampuni yenye wateja wasiofika 20,000. Agosti mwaka huohuo Kencell ilifungua biashara, ikiwa ya Vivendi ya Ufaransa na kundi la Sameer la marehemu Naushad Merali.

Kencell ilitafuta watu wa tai na mikoba. Ilitoza kwa dakika: ukisema “nimefika” ukakata, dakika nzima imeenda. Safaricom ikatoza kwa sekunde. Wakati ule wapo waliolichukulia hilo kuwa jambo la kihasibu tu, lakini huku mashambani ndilo lililoamua kila kitu. Mtu mwenye kredo ya kubahatisha alijua kwamba sekunde kumi zitakatwa kama sekunde kumi. Kadi za kukwaruza nazo zikateremka: Bamba ya 50, kisha ya 20, ya 10, hata ya 5. Ikaja Simu ya Jamii vibandani kwa asiye na simu, ikaja Sambaza ya kumtumia ndugu kredo, na ule ujumbe wa bure wa kumwomba mwenzako akupigie. Maduka yakapakwa rangi ya kijani kutoka msingi hadi paa, mwenye duka akapata ukuta mpya bila kutoa senti. Mshindani akaja na ndoo za nyekundu. Kuna vituo vya biashara ambako haikuwa rahisi kupata ukuta usio na mwenyewe.

Mwaka wa 2004 Celtel iliinunua Kencell, na Merali akatengeneza takriban dola milioni 20 kwa kununua hisa za Vivendi na kuziuza papo hapo, hadithi ambayo wafanyabiashara bado huisimulia. Machi 2007 Safaricom ikaleta M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu. Mwaka wa 2008 Celtel ikabadilishwa jina kuwa Zain, Orange ya Telkom ikaingia Septemba na kampuni ya yu Desemba. Kampuni nne, na moja tu iliyokuwa ikikua kwa kishindo: Safaricom.

Ili kuuelewa mwezi wa Agosti 2010 lazima tuiangalie ada moja ambayo mteja haioni kwenye skrini. Ukipiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, kampuni yako humlipa mwenzake kwa kuipokea simu hiyo. Ada hiyo ilikuwa shilingi 4.42 kwa dakika. Wakenya wengi walikuwa Safaricom, kwa hiyo simu nyingi za Zain ziliishia Safaricom, na kila dakika ilimlipa mpinzani. Zain isingeweza kuuza kwa shilingi 3 hata ingetaka vipi. Kisha Tume ya Mawasiliano ikaikata ada hiyo nusu, ikawa shilingi 2.21, na kupanga ishuke zaidi kila mwaka hadi senti 99.

Wakati huo Bharti Airtel ya India ilikuwa imetoka tu kuzinunua biashara za Zain barani Afrika kwa dola bilioni 10.7. Wahindi walijua biashara ya bei ya chini na watu wengi. Mkurugenzi wao hapa, René Meza, hakungoja. Alitangaza shilingi 3. Piga hesabu mwenyewe: toa 2.21 za kumpa Safaricom, zinabaki senti 79, na kodi bado haijaguswa. Hiyo ndiyo pesa iliyokuwa ilipe mishahara, dizeli ya minara na matangazo. Ulikuwa uamuzi wa mtu aliyekubali kuumia leo ili awapate wateja kesho, na ndiyo sababu nauheshimu.

Nchi ilishtuka. Joseph wa Safaricom, ambaye aliwahi kuwaudhi wengi kwa kusema Wakenya wana tabia za ajabu za kupiga simu, alionya kwamba bei hizo haziwezi kudumu na zitaidhuru sekta yote. Hata hivyo Safaricom nayo iliteremsha. Orange na yu hawakubaki nyuma. Novemba Joseph akamwachia Bob Collymore kiti, vita vikiwa bado vinaendelea. Ripoti za kampuni zinaonyesha jeraha: faida ya Safaricom ilishuka kutoka shilingi bilioni 15.15 katika mwaka uliokwisha Machi 2010 hadi bilioni 13.16 mwaka uliofuata. Hizo bilioni mbili zilibaki mifukoni mwetu.

Mbona basi Airtel haikushinda? Kwa sababu watu hawakuhama, waliongeza. Laini ya pili ilinunuliwa, simu za laini mbili zikafurika madukani Thika, na aliyekuwa na simu ya mulika mwizi alibadilisha kadi kwa ukucha. Alipiga kwa laini nyekundu, akapokea kwa ya kijani. Aprili 1, 2011 sheria ikamruhusu mteja kuhama na nambari yake, na Airtel ikaweka matumaini makubwa hapo. Airtel na Safaricom zikalaumiana hadharani kuhusu maombi ya kuhama yanayokwama. Lakini kikwazo kikubwa hakikuwa maombi. Ukihama, nambari unakwenda nayo, M-Pesa inabaki. Na kibarua aliyelipwa kwa M-Pesa, anayelipa karo kwa M-Pesa, angeihamaje?

Mwaka huohuo hatua ya pili ya kushusha ada ilisimamishwa, baada ya Safaricom na Telkom kulalamika. Naamini hapo ndipo vita vilipokatizwa, mezani na si sokoni. Meza alienda kuongoza Vodacom Tanzania. Oktoba Safaricom ikapandisha bei hadi shilingi 4, ikitaja kupanda kwa gharama.

Mengine yalifuata baadaye. Julai 2014 Mamlaka ya Ushindani iliiagiza Safaricom iwaruhusu mawakala wake wa M-Pesa kuwahudumia wapinzani, baada ya Airtel kulalamika, na yu ikagawanywa mwaka huohuo: wateja kwa Airtel, mitambo kwa Safaricom. Muungano wa Airtel na Telkom ulijaribiwa 2019, ukavunjika 2020. Vita vikahamia kwenye bando.

Ada ile ya siri, iliyokuwa shilingi 4.42, ilishuka hadi senti 41 Machi 2024. Yaani gharama ya kuvuka mtandao imekuwa chini ya sehemu ya kumi ya ilivyokuwa, ilhali bei ya kawaida ya Safaricom haijarudi kwenye shilingi 3 za Agosti ile. Kodi imepanda, ni kweli, na serikali ina sehemu yake ya lawama. Lakini mteja wa Ngoliba anayenunua kredo ya ishirini ana haki ya kuuliza senti hizo nyingine zinaenda kwa nani, na mamlaka ya mawasiliano inapaswa kumjibu kwa hesabu, hadharani.